Mko Wangapi Nyumbani

Kila nilipokwenda kwake alinishika mkono, akatazama ulimi wangu, halafu akauliza, "Nyumbani, mko wangapi?" Na kila mara nilimjibu, "Mmoja. Niko peke yangu." Haikuwa kweli. Yeye aliandika moja kwenye kadi yangu kwa kalamu ya risasi, akaendelea na kazi. Miaka mitatu nilimjibu hivyo hivyo.

Sisi wagonjwa wake tulimwita Daktari. Watu wengine wa Overport walimwita Mchina, naye hakujisumbua kuwasahihisha, ingawa alikuwa Mkorea na dawa zake zilikuwa za Korea. Sijui alizaliwa mji gani wala kilichomleta Durban. Sikumuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kueleza. Kiingereza chake kilikuwa kibovu na changu kilikuwa kibovu zaidi, kwa hiyo tulielewana vizuri. Mtu anayejua Kiingereza sana hunikimbiza. Daktari alikuwa akitafuta neno kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, na mimi nilipata muda wa kutafuta langu.

Chumba chake kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Ngazi zilikuwa nyembamba, watu wawili hawakuweza kupishana bila mmoja kubana tumbo. Ukifika katikati ya ngazi harufu ilikuwa imekwisha kukupokea: majani, mizizi na magome yaliyochemka tangu asubuhi, harufu ya udongo na ya supu chungu. Ndani kulikuwa na kabati kubwa lenye droo ndogo ndogo, kitanda chembamba, sufuria ya umeme ndefu kama ndoo, na mashine iliyomimina dawa iliyochemka kwenye pakiti za kahawia na kuzifunga kwa moto. Pakiti moja ilikuwa ya kunywa asubuhi, moja jioni.

Hakuandika majina yetu kwenye pakiti. Alisema ugonjwa wa mtu si tangazo la dukani. Badala ya jina alichora alama ya kazi ya mgonjwa. Dereva alichorewa usukani. Mama mmoja wa Tanzania aliyeuza maandazi alichorewa duara lenye mvuke juu yake. Mimi nilichorewa chanuo, kwa sababu nilikuwa nasuka nywele saluni. Alichora vibaya sana. Mwezi wa kwanza nilidhani ni uzio.

Kabla ya kunichoma sindano zake za tiba, nyembamba kama unywele na zisizo na dawa ndani, alinionyesha karatasi iliyofungwa, akaipasua mbele ya macho yangu. Akimaliza alizitia zote kwenye kopo la manjano, na hakuna hata moja iliyotoka tena humo. Siku moja, akinitoa sindano za mguuni, alitazama vidole vyangu. Vilikuwa na alama nyingi za kuchomwa.

"Hii nini?"

Nikamweleza kwamba nywele za bandia hushonwa kwa sindano iliyopinda, na hakuna msusi asiyejichoma.

"Sindano hiyo, nani mwingine anatumia?"

"Sote."

Kisha akafungua droo, akatoa kopo la bati lililokuwa la peremende, akanipa. "Sindano yako ikae humu. Yako peke yako. Dada mwingine akiomba, sema hapana."

Kwetu kumnyima mtu kitu kidogo kama sindano ni kujitangaza mchoyo. Nilianza kuitwa mchoyo wiki ile ile. "Tazameni huyu," wenzangu walisema, "sindano anaifungia kama karatasi za ukimbizi." Walicheka, na mimi nikacheka kidogo, lakini kopo sikulifungua. Hilo moja niliweza kumtii. Nalitaja hapa kwa sababu baadaye nitasema nililoshindwa.

Ugonjwa wangu ni wa ini, ule wa kirusi, hepatitis B. Jina nimeliandika mara moja, linatosha. Nyumbani tulikuwa wanne: kaka yangu mkubwa niliyemwita Yaya, mkewe Mama Aline, mtoto wao Aline, na mimi. Yaya alifanya kazi Clairwood, akipakia na kupakua malori. Yeye ndiye aliyegundulika kwanza. Ini lake lilikuwa limeanza kuharibika, na hospitali ilimpa kidonge kimoja cha kunywa kila asubuhi. Nesi alimwambia awalete wote wa nyumbani wapimwe. Alinileta mimi tu, mchana, wakati wa mapumziko ya kazi. Majibu yalipotoka, kirusi kilikuwa ndani yangu pia, lakini kimelala. Sikuhitaji kidonge, nilihitaji kupimwa damu kila baada ya miezi sita.

Tulipokuwa tunasubiri taxi Yaya alisema, "Kadogo, hii neno iko ya sisi wawili. Mama Aline asijue. Nimemwambia kidonge ni cha presha."

"Na Aline je?"

"Aline iko mzima. Si unamuona anavyoruka?"

Kwetu mtu akiwa na macho ya manjano na tumbo likavimba, hatusemi kirusi. Tunasema amelishwa, kwamba kuna mtu aliyemtilia kitu chakulani. Halafu watu huanza kutafuta aliyemlisha, na humpata, maana wanaotafuta hivyo hawarudi mikono mitupu. Nyumba nyingi zimevunjika hivyo. Yaya aliogopa neno hilo kuliko ugonjwa wenyewe. Mimi niliogopa saluni. Nani atakubali kichwa chake kishikwe na mtu mwenye ugonjwa wa damu?

Kwa Daktari nilipelekwa na uchovu. Nilikuwa nachoka hadi nikisimama kusuka miguu inatetemeka. Yule mama wa maandazi ndiye aliyenielekeza. Siku ya kwanza Daktari aliweka vidole vitatu juu ya mshipa wa mkono wangu, akafumba macho. Halafu akabadilisha mkono. Alikaa hivyo muda mrefu, hadi nikaona haya, kama mtu anayesomewa barua yake. Alipofumbua macho alisema jambo ambalo sikulitegemea kwa muuza dawa.

"Dawa yangu haimuui kirusi. Mtu akikuambia majani yanamuua, kimbia. Yangu yanamsaidia mwenye nyumba apate nguvu. Mwizi bado yumo ndani. Hospitali inamwangalia mwizi."

Na alikuwa na sheria: huna karatasi ya damu kutoka hospitali, huna pakiti. Alisema majani nayo yanaweza kuliumiza ini, na yeye hakutaka kuongeza jeraha juu ya jeraha bila kujua. Nilimwona akimrudisha mwanamke aliyetoka mbali kwa sababu karatasi yake ilikuwa ya mwaka uliopita. Mwanamke alilia ngazini. Daktari alisimama mlangoni na uso mgumu, lakini baada ya yule kuondoka hakuweza kufanya kazi, akawa anafungua droo na kuzifunga bila kutoa kitu.

Alikuwa mtu wa namna hiyo, mkali kwanza, halafu anaumia. Siku nyingine alikuja mzee mmoja tumbo limejaa maji, akitaka pakiti kwa sababu hospitali kuna foleni. Daktari alimkaripia, kisha akafunga chumba, akaenda naye hospitali na kukaa naye kwenye ile foleni hadi alasiri. Mzee alijua Kizulu tu. Walikaa wawili wasioelewana, wakimsubiri wa tatu asiyewaelewa wote. Kesho yake nilipomuuliza ilikuwaje, alisema, "Eish," kwa sauti ya watu wa hapa, akarudi kwenye majani yake.

Hakuwa malaika. Kwenye roboti, taa za barabarani, alivuka zikiwa nyekundu, akinyoosha mkono kusimamisha magari kama askari. Alitukataza mafuta, pilipili na bia, akatuhesabia kwa vidole mabaya ya kila kimoja. Siku moja nikamkuta nyuma ya jengo, ameketi juu ya kreti, ana bani mikononi, robo ya mkate iliyochimbwa ikajazwa mchuzi wa kondoo, mafuta yanamtiririka hadi kwenye kiwiko. Jasho la pilipili lilikuwa limemjaa usoni. Tulitazamana.

"Hiki si chakula," alisema. "Hii ni siri."

Chini ya ngazi zake, kando ya barabara, alikuwepo bibi wa Kizulu aliyeuza mafungu ya umhlonyane, majani ya kijivu ambayo Waswahili wengine huyaita pakanga. Daktari alipita hapo kila siku bila kutazama, hadi siku moja upepo ulimletea harufu. Alisimama ghafla. Alichukua fungu, akasugua jani kati ya viganja, akanusa, akaanza kucheka. Alinivuta mkono tukapanda juu, akafungua droo ya jani lake kuu la ini, lililotoka kwao, akaniambia ninuse yote mawili.

"Dada," alisema. "Huyu wa hapa, huyu wa kwetu. Mama mmoja."

Tangu siku hiyo alinunua fungu kila wiki na kulitundika dirishani. Lakini hakulitia kwenye sufuria hata mara moja. Nilimuuliza kwa nini, kama ni dada.

"Dada yako akija saluni, akae mahali pako, atasuka kama wewe?"

"Sina dada."

"Kaka?"

"Sina," nilisema. Hivyo nilimkana Yaya mbele ya mafungu ya majani, bila hata kuulizwa kwa nguvu.

Ukweli ni kwamba nilijua kwa nini anauliza mko wangapi. Alikuwa amekwisha kunieleza: ugonjwa huu hukaa katika nyumba, mama humpa mtoto wakati wa kuzaa, na wote walio chini ya paa moja wanapaswa kupimwa, wasio nao wachanjwe. Ningesema wanne, angesema nilete wanne. Kwa hiyo nilisema mmoja.

Kuna asubuhi nilifika mapema kuliko kawaida. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Daktari alikuwa amesimama dirishani, glasi ya maji mkono mmoja, kidonge mkono mwingine, na juu ya meza kulikuwa na kopo la vidonge. Nililijua lile kopo. Lilikuwa kama la Yaya. Alipogeuka akaona macho yangu yako wapi.

"Mimi pia," alisema. "Kutoka kwa mama. Hakujua."

Akavuta kiti, akanionyesha nikae.

"Kila asubuhi, mpaka nife. Majani yananipa nguvu za kula, kulala, kufanya kazi. Kidonge kinamfunga kirusi. Huyu hafanyi kazi ya yule. Sikiliza. Mtu akianza kidonge, haachi mwenyewe. Akiacha, kirusi kinarudi na hasira."

Alisema taratibu, akanitazama kuona kama nimeelewa, nikaitikia kwa kichwa kwamba nimeelewa. Na nilielewa. Sitaweza kamwe kusema sikujua.

Nilianza kupata nafuu. Nilikula, nilisimama saluni siku nzima. Yaya akaona. "Kadogo," alisema, "siku hizi unang'aa. Nini unakunywa?" Nikamwonyesha pakiti. Akaichukua, akainusa, akakunja uso. "Nipe na mie."

Nyumbani kwetu soda moja hunywewa kwa vikombe vinne. Mtu anayekunywa kitu peke yake, wengine wakimtazama, hukosa raha hata koo linakataa. Na Yaya ndiye aliyenileta nchi hii, akanilaza kwenye godoro wakati yeye analala chini. Ningemnyimaje? Kila asubuhi na kila jioni, Mama Aline akiwa jikoni au bafuni, nilimimina nusu kwenye kikombe chake. Pakiti nilizificha kwenye friji, chini, ndani ya mfuko mweusi.

Mwezi uliofuata Daktari aliweka vidole vyake vitatu, akafumba macho, akafumbua.

"Hunywi yote."

"Nakunywa, Daktari."

Akaweka tena vidole. "Nusu," alisema. Hakuwa amekasirika. "Chungu sana?"

Ulikuwa mlango, ameufungua mwenyewe. Nilichotakiwa kufanya ni kupita. Nilisema, "Ndiyo. Chungu."

Alitikisa kichwa kwa huruma. Alikwenda kwenye droo ya mwisho, akatoa matunda mekundu yaliyokauka, yaliyokunjamana mfano wa tende, akaniwekea moja mdomoni nionje. Lilikuwa tamu. Pakiti za mwezi ule zilikuwa na utamu kwa mbali, na Yaya alifurahi sana. "Huyu mzee wako amejua mie napenda sukari," alisema, akalamba kikombe.

Halafu siku moja nilipokuwa natafuta chumvi kabatini niliona kopo la vidonge la Yaya limejaa hadi juu. Nilimngoja arudi kutoka Clairwood.

"Yaya, vidonge je?"

"Nimepumzika kidogo. Vinanichosha. Hii ya majani inatosha."

"Daktari anasema mtu akianza kidonge haachi."

"Daktari anajua mie niko?"

"Hapana."

"Basi hawezi kusema juu yangu." Alicheka, akanigonga kichwani kwa kidole kama alivyozoea. "Wewe unakunywa kidonge? Hapana. Na uko bien, mzima kabisa. Donc?"

Nilijua jibu la hiyo donc, hiyo 'kwa hiyo je' yake. Kirusi changu kilikuwa kimelala, chake kilikuwa macho. Huyu hafanyi kazi ya yule. Maneno yote yalikuwa mdomoni. Lakini Mama Aline aliingia na sufuria ya ugali, Yaya akanikonyeza, na mimi nikanyamaza. Tangu utoto watu wananisifu kwa kunyamaza. Binti mwenye adabu, husema, haongei ovyo. Kesho yake nikamimina tena nusu.

Haikupita miezi mingi. Macho ya Yaya yalianza kuwa manjano wakati wa mvua. Alikwenda kazini siku tatu hivyo, amevaa miwani ya jua. Siku ya nne akaangushwa na uzito ambao zamani aliubeba huku akiimba. Hospitali walimpokea, wakatuambia ini limewaka lote kwa mara moja. Mama Aline aliuliza nini kimeliwasha. Daktari wa hospitali alieleza kwa Kiingereza cha haraka, na mimi niliyekuwa nimesimama pale, niliyenasa neno la vidonge nikaelewa, sikumtafsiria. Baada ya siku kumi na moja kaka yangu alikufa.

Mfuko mweusi aliuona Mama Aline siku tunasafisha friji kwa ajili ya chakula cha matanga. Hakupiga kelele. Alizipanga pakiti juu ya meza, moja moja, akazitazama.

"Tantine," aliniambia, maana mimi ni shangazi wa Aline, "wamemlisha. Angalia. Wamemlisha ndani ya nyumba yangu."

Hapo ndipo nilipoliona neno lile lilivyo. Aliyelisha nilikuwa mimi. Nikisema pakiti ni zangu, nimesema kila kitu. Nikasema, "Sijui, Mama Aline. Sijui hizi."

Matangani mtu mmoja wa kanisa alizitambua pakiti zile kuwa za Mchina wa Overport, na siku ya tatu baada ya maziko tulipanda zile ngazi: mchungaji wetu mbele, nyuma yake Mama Aline, wanaume wawili wa kanisa, na mimi wa mwisho. Kwa sababu ya wembamba wa ngazi tulisimama mmoja mmoja. Niliona vipande tu kati ya mabega ya watu: mlango, mkono wa Daktari, kisha uso wake.

Mchungaji alimpa pakiti. "Hii ni yako?"

Daktari aliigeuza. Aliona chanuo. Aliinua macho polepole, akapita uso wa mchungaji, wa Mama Aline, wa wale wanaume, hadi akafika kwangu. Nilikuwa nimejifunga kitambaa cheusi cha msiba.

"Yangu," alisema.

"Ulimpa marehemu?"

"Marehemu nani?"

Mchungaji akamtajia. Daktari akatikisa kichwa. "Simjui mtu huyo."

"Anasema hamjui," mchungaji alimgeukia Mama Aline.

"Amemlisha bwana yangu, halafu hamjui," Mama Aline alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Muulize, Pasta, hii alama iko ya nini. Ni ya uchawi?"

Mchungaji akauliza. Daktari akasema, "Alama ya mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

Kati yake na mimi kulikuwa na vidato sita vya ngazi. Angenyoosha kidole tu. Ningeweza pia kuinua mkono, kama tulivyoinua darasani. Nilitazama viatu vyangu. Kimoja kilikuwa na tope la makaburini.

"Siwezi kusema," Daktari alijibu.

Wale wanaume wakaguna. Kwao alikuwa amekiri. Mama Aline alipasua pakiti kwa meno, akaimwaga mbele ya miguu ya Daktari, halafu ya pili, halafu ya tatu. Harufu ya yale matunda mekundu ikashuka ngazini hadi kwangu. Daktari hakurudi nyuma, ingawa soksi zake zililowa. Alimwambia Mama Aline neno moja la Kiswahili, katika matano aliyoyajua. Alisema, "Pole."

Habari ilikwenda haraka kuliko sisi. Kanisani walihubiri juu yake bila kumtaja. Saluni walimtaja. Mchina wa Overport anayelisha watu. Kila aliyesimulia aliongeza kidogo, na mimi nilikuwa pale pale, nashona nywele kwa sindano yangu kutoka kopo langu la bati. Wagonjwa walipungua. Siku moja nilipita na taxi, nikaona dirisha halina lile fungu la umhlonyane. Nikashuka, na yule bibi wa chini akaniambia Daktari alishusha kibao chake mwenyewe, akabeba droo mbili mbili hadi garini, na hakukubali kusaidiwa.

Nilikaa na hilo mwaka mzima na zaidi. Kilichonifungua mdomo ni Aline. Shuleni walisema anachoka, analala darasani. Uchovu huo niliujua, ulikuwa kama wangu. Nilimkalisha Mama Aline kitandani, nikamwambia yote, kuanzia ile siku ya taxi hadi vidato sita. Nilisema huku natazama ukuta. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha alisimama akavaa viatu, akasema, "Twende hospitali, mtoto apimwe. Mengine baadaye."

Aline hakuwa na kirusi. Mama yake pia hakuwa nacho. Alichokuwa nacho Aline ni minyoo. Wote wawili walianza chanjo siku ile, na tuliporudi Mama Aline hakuzungumza nami hadi Jumapili. Jumapili alinikuta nafua nguo.

"Mie nilimwaga dawa ya yule mzee chini," alisema. "Ile iko yangu, nitaijibu. Wewe yako utaijibu lini?"

Yule mama wa maandazi ndiye aliyejua alikohamia: Westville, kwa binti yake. Kule watu hutembea kwa magari, mimi nilipanda mlima kwa miguu, mbwa wakinibwekea kutoka uzio hadi uzio. Alikuwa nje, karibu na mlango wa jikoni, anamwagilia kichaka cha kijivu. Kabla sijakiona vizuri nilikijua kwa harufu. Daktari alikuwa amekonda, mgongo umeinama. Aliniona, akaweka ndoo chini. Hakuuliza nimefuata nini. Alinipa kiti, akaleta chai ya shayiri iliyokaangwa, akakaa.

Nilisema kwa Kiingereza changu kibovu, neno moja moja. Nilisema mgonjwa aliyeulizwa pale ngazini nilikuwa mimi, ingawa alijua. Nilisema nusu ya dawa ilikuwa inakwenda wapi. Nilisema kaka yangu aliacha kidonge, na niliona, na nilikumbuka aliyoniambia, na nikamimina.

Aliweka kikombe chake cha chai chini.

"Nilijua hunywi yote," alisema. "Nilidhani unamwaga. Nikatia utamu." Akatazama viganja vyake. "Nikatia utamu. Nilipaswa kuuliza vizuri."

"Uliuliza," nilisema. "Uliuliza kila mara."

Aliinuka akaingia ndani. Nilidhani amemalizana nami, nikaanza kutafuta mkoba wangu. Lakini alirudi na bati la biskuti lililojaa kadi, akazipekua: usukani, maandazi, hadi akaifikia ile yenye chanuo. Aliiweka gotini, akanyoosha vidole vitatu. Nikampa mkono. Alifumba macho. Kisha akanionyesha nitoe ulimi, nikautoa, pale nje, mchana kweupe.

"Nyumbani," alisema, "mko wangapi?"

Niliona ile kadi. Kulikuwa na moja, moja, moja, kutoka juu hadi chini, miaka mitatu ya mwandiko wake wa risasi.

"Tulikuwa wanne," nilisema. "Sasa tuko watatu."

Hakuzifuta zile moja. Chini yake aliandika tatu. Halafu akachukua kadi mpya, nyeupe, akaniuliza huyo wa nne aliitwa nani. Nikamtajia jina la kaka yangu. Alilirudia mara kadhaa, nikimsahihisha, hadi likawa sawa.

"Alifanya kazi gani?"

"Malori," nilisema. "Clairwood. Alikuwa anapakia malori."

Akainama juu ya kadi, akaanza kuchora. Alichora vibaya kama zamani. Nilingoja hadi akafika kwenye magurudumu.